Siku 15 za kuelewa "haja vista": Kireno cha ofisi na Mkongomani aliyekataliwa ukimbizi Brazili

Nchini Brazili, mtu aliyekataliwa hadhi ya ukimbizi ana siku 15 za kukata rufaa. Zinaanza kuhesabiwa siku anapopokea taarifa ya uamuzi, hata kama hajaelewa kilichoandikwa. Kwa Mkongomani aliyetoka Uvira, Beni ao Bunia, aliyezoea Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni, shida inaanzia hapo. Barua imeandikwa kwa Kireno, na Kireno chenyewe si kile alichojifunza sokoni ao kazini kule São Paulo. Ni Kireno cha ofisi, kilichojaa maneno kama "haja vista", "em virtude de", "porquanto" na "ante o exposto". Kazi yao karibu ni moja: kumtangazia msomaji kwamba sababu inakuja, ao kwamba imekwisha kutolewa.

Kama sababu yenyewe imo kweli ndani ya barua, hilo ni jambo lingine. Na ndilo jambo ambalo wanasheria, waalimu, majaji na hata wabunge wa Brazili wamebishania kwa miaka mingi.

Wakongomani ni moja ya jamii za wakimbizi zinazojulikana sana nchini humo, hasa katika miji ya Rio de Janeiro na São Paulo. Maombi yao yanapitia kamati ya kitaifa inayoitwa CONARE, iliyoundwa na sheria namba 9.474 ya Julai 1997. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinasema kwamba kama jibu ni hapana, taarifa anayopewa mwombaji lazima iwe "fundamentada", yaani iliyojengewa msingi, kama nyumba. Rufaa inapelekwa kwa Waziri wa Sheria.

Kwa hiyo mwombaji ana haki ya kuambiwa kwa nini. Hiyo haki ndiyo inayompa nafasi ya kujibu: mtu hawezi kubisha sababu ambayo hajaiona. Barua ikimwambia kwamba maelezo yake kuhusu tarehe yanagongana, anaweza kuleta cheti cha hospitali ao karatasi ya shule ya watoto. Ikimwambia tu kwamba ombi halikutimiza masharti ya sheria, atajibu nini?

Kesi inayosimama juu ya neno moja

Sheria hiyo ya mwaka 1997 yenyewe imejengwa juu ya maneno ya sababu. Kifungu chake cha kwanza kinamtambua kuwa mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake "devido a" hofu yenye msingi ya kuteswa "por motivos de" rangi, dini, uraia, kundi la kijamii ao mawazo ya kisiasa. "Devido a" ni "kutokana na". "Por motivos de" ni "kwa sababu za". Kuna pia mlango mwingine katika kifungu hicho hicho, ambao Wakongomani wa mashariki wana kila sababu ya kuujua: anatambuliwa pia mtu aliyelazimika kuiacha nchi yake "devido a" uvunjaji mkubwa na ulioenea wa haki za binadamu. Huyo halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi alikuwa anawindwa kwa ajili ya kabila lake ao chama chake.

Sasa mtu wa Kivu anasimulia namna gani? Atasema: watu wenye silaha wakaingia, nyumba ikachomwa, tukakimbia. Kwa msikilizaji wa kwetu simulizi hiyo imekamilika. Ile "-ka-" inapanga matukio moja nyuma ya lingine, na kila mwenye akili anaelewa kwamba moja limezaa lingine. Lakini "-ka-" haisemi hivyo kwa mdomo wake. Inasema tu hili, kisha hili. Mkalimani akiipeleka kwa Kireno kama ilivyo, kwenye karatasi panabaki mfululizo wa mambo yaliyotokea, na afisa anayesoma anatafuta kiungo: alikimbia "por motivos de" nini? Asipokiona, anaweza kuandika kwamba uhusiano kati ya tukio na hofu ya mwombaji haukuonyeshwa. Nyuma ya sentensi hiyo moja kuna maisha ya mtu.

Ndiyo maana si kupoteza muda kuyatazama maneno hayo ya Kireno kwa karibu. Mengi yametoka kwenye jicho. "Visto que", "tendo em vista", "haja vista": yote yana ndani yake kitenzi "ver", kuona. Mwandishi anasema "kwa kuwa imeonekana kwamba" bila kutaja ni nani ameona. Kifaransa cha makaratasi yetu kina ndugu yake, ile "vu" inayofungua kila amri ya serikali. Mengine yanatoka mahali: "em face de", "diante de", yaani mbele ya, uso kwa uso na. "Diante do exposto" ni "mbele ya hayo yaliyoelezwa", na baada yake mara nyingi inakuja amri. "Em virtude de" imebeba neno "virtude", nguvu njema iliyo ndani ya kitu. "Uma vez que" kwa neno kwa neno ni "mara moja ambapo", lakini maana yake ni "kwa kuwa".

"Haja vista" ina kisa chake. Waalimu wa Kireno wa Brazili hawachoki kuwakumbusha wanafunzi kwamba haibadiliki, kwamba "haja visto" mahali pake ni kosa. Watu wengi wanakosea, na hao ni wazaliwa wa nchi. Neno linatumiwa kuonyesha elimu, na mara nyingi ndilo linaloisaliti elimu hiyo.

Lenye hatari zaidi ni "posto que". Vitabu vya sarufi vya zamani vinafundisha kwamba maana yake ni "ingawa". Katika Brazili ya leo watu wengi, mawakili wakiwa kati yao, wanaliandika wakimaanisha "kwa kuwa". Fikiria sentensi ya barua ya ofisi: ombi limekataliwa, "posto que" hati zililetwa kwa wakati. Kwa msomaji wa sarufi ya zamani, hati zililetwa kwa wakati lakini ombi limekataliwa hata hivyo. Kwa msomaji wa leo sentensi hiyo inakuwa kichekesho: limekataliwa kwa sababu hati zililetwa kwa wakati. Neno moja, maana mbili zinazopigana. Mwenye lugha anatabasamu na kusonga mbele. Mgeni anayesoma na kamusi mkononi anabaki ameganda.

Fomula inayomfaa kila mtu

Ugumu wa maneno ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni kwamba mtu anaweza kuyajua yote na bado asipate sababu.

Kila Mbrazili aliyewahi kuomba kitu serikalini anaifahamu fomula hii: "indeferido por falta de amparo legal". Limekataliwa kwa kukosa ulinzi wa sheria. Ukisoma haraka, unaona sababu imo. Neno "por" lipo pale, limesimama imara. Lakini ni sheria gani iliyokosekana? Ni sharti lipi ambalo mwombaji hakulitimiza? Fomula haisemi. Unaweza kuigonga kama muhuri juu ya ombi la pensheni, la leseni ya duka, la uhamisho wa mwalimu, na kila mahali itakaa vizuri.

Angola, jirani yetu wa kusini-magharibi, ina fomula yake inayojulikana: "por conveniência de serviço", kwa ajili ya kufaa kwa kazi. Matangazo ya serikali ya Luanda ya kuwaondoa viongozi kwenye vyeo yameitumia mara nyingi. Raia anajua nani ametoka. Kwa nini ametoka, hilo anabaki kulikisia barazani na marafiki zake. Kwa haki, lazima isemwe kwamba cheo cha kisiasa si sawa na ombi la mkimbizi: aliyeteua anaweza pia kuondoa. Ila tabia ya karatasi ni ile ile, sentensi yenye umbo la sababu na tumbo tupu.

Mahali ambapo tabia hiyo inauma kuliko pote ni gerezani. Kifungu cha 312 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Brazili kinamruhusu jaji kumweka mtu ndani kabla ya hukumu kwa sababu chache zilizotajwa, na moja ni "garantia da ordem pública", kuhakikisha usalama wa umma. Maneno hayo ni mapana kama mto Kongo. Kwa miaka mingi mawakili wa utetezi wamelalamika kwamba majaji wanayaandika kisha wanaweka nukta: hakuna maelezo ni hatari gani ambayo mtuhumiwa huyu, mwenye jina hili, anaileta kwa umma. Magereza ya Brazili yana watu zaidi ya 600,000, moja ya idadi kubwa kabisa duniani, na zaidi ya 100,000 kati yao bado hawajahukumiwa. Sio wote waliofungiwa kwa fomula tupu. Lakini aliyefungiwa hivyo hana cha kushika mkononi ili akipinge.

(Tukiwa hapo: neno letu "gereza" wataalamu wanalitoa kwa Kireno, kwenye "igreja", maana yake kanisa, tangu siku za Wareno kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Wareno hao walituachia pia meza, bendera na leso. Vitu tulivichukua, "porquanto" tukaiacha kwao.)

Sheria iliyoandika orodha ya sababu za uongo

Katiba ya Brazili ya mwaka 1988, katika kifungu cha 93, inaamuru kwamba kila uamuzi wa mahakama utolewe na sababu zake, ama sivyo ni batili. Amri hiyo ilikuwa nzuri na fupi. Ikawa fupi mno. Kila jaji aliweza kusema: nimetoa sababu, tazama, nimeandika "tendo em vista".

Ndipo ilipokuja sheria mpya ya mwenendo wa kesi za madai, namba 13.105 ya Machi 2015, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Kifungu chake cha 489 kilifanya kitu ambacho si sheria nyingi duniani zinakifanya. Kilihesabu namna sita za kuonekana unatoa sababu wakati hutoi. Jaji aliyenakili ao kuzungushazungusha maneno ya sheria bila kueleza yanahusiana vipi na kesi iliyo mbele yake, hajatoa sababu. Aliyetumia neno pana, kama lile la usalama wa umma, bila kusema kwa nini linaingia katika kesi hii, hajatoa sababu. Aliyekaa kimya juu ya hoja za upande mmoja ambazo zingeweza kuupindua uamuzi wake, naye pia. Kuna pia mambo ya hukumu za zamani: kuzitaja bila kuonyesha zinafanana wapi na kesi ya sasa, ao kuziacha bila kusema kwa nini.

Namna ya tatu katika orodha hiyo ndiyo inayostahili kubandikwa ukutani katika ofisi nyingi, na si za Brazili tu. Inasema, kwa maneno yetu, kwamba uamuzi hauna sababu kama sababu iliyotajwa ingeweza kutetea uamuzi mwingine wowote. Ni kipimo chepesi ambacho hata mtu asiyesoma sheria anaweza kukitumia. Chukua barua, futa jina lako, weka jina la jirani. Kama hakuna kitu kinachogoma, basi barua ile haikuwa inazungumza juu yako.

Majaji wengi hawakuifurahia. Vyama vyao vilimwomba Rais Dilma Rousseff akifute kipande hicho kabla ya kutia sahihi, vikisema kwamba kazi ingekuwa ndefu mno katika mahakama ambazo tayari zimezama katika mafaili. Hofu hiyo haikuwa ya uongo, mafaili ya Brazili yanahesabiwa kwa makumi ya milioni. Rais hakukifuta. Desemba 2019 sheria nyingine, namba 13.964, iliingiza orodha hiyo hiyo katika kesi za jinai, pale ambapo mtu anawekwa ndani kabla ya hukumu.

Maneno haya yanafundishwa wapi

Afisa ao jaji anayeandika "destarte" na "outrossim" hakuzaliwa nayo. Vyuo vya kwanza vya sheria vya Brazili vilianzishwa Agosti 1827, kimoja São Paulo na kingine Olinda. Kabla ya hapo vijana wa matajiri walivuka bahari kwenda kusoma Coimbra, Ureno. Kwa muda mrefu shahada ya sheria ilikuwa njia ya kuingia serikalini, na Kireno cha wanasheria kikawa Kireno cha mamlaka. Watu wamekipa jina la kejeli, "juridiquês", kana kwamba ni lugha ya kabila fulani.

Leo mafunzo yanaanza mapema zaidi. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ENEM, una insha ya mistari isiyozidi 30, yenye alama 1,000. Alama 200 kati ya hizo zinatolewa kwa namna mwanafunzi anavyounganisha hoja zake. Nia ni njema: kijana ajifunze kusema hili linatokana na lile. Lakini pale penye alama panazaliwa mbinu. Wanafunzi wanakariri viungo vilivyo tayari, "haja vista" hapa, "outrossim" pale, "nesse sentido" mwanzoni mwa aya, wanavipanga kama matofali kabla hata ya kujua mada. "Outrossim", ambalo maana yake ni "vilevile", limekuwa kichekesho cha vijana: hakuna anayelitamka maishani, wote wanaliandika siku ya mtihani. Kijana huyo akipata kazi ofisini, ataandika barua za kuwakataa watu kwa njia ile ile iliyompa alama.

Kuna ushahidi wa zamani kwamba Kireno rasmi kinaweza kubeba sababu nzito, na ushahidi huo unatoka Kongo. Mwaka 1526 mfalme wa Kongo, Mvemba a Nzinga, aliyebatizwa Afonso, alimwandikia mfalme João III wa Ureno barua kadhaa. Mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko kaskazini mwa Angola, na ufalme wake ulifika hadi sehemu za magharibi za nchi yetu. Barua zimejaa heshima zote za mahakama ya Lisboa. Lakini ndani yake kuna mambo yenye uzito wa jiwe: wafanyabiashara wanawakamata watu wa nchi yake kila siku, hata wana wa wakubwa na jamaa za mfalme mwenyewe, kwa hiyo hataki tena wafanyabiashara wala bidhaa zao, anahitaji mapadri, waalimu, na divai na unga wa misa. Katika barua ya tarehe 18 Oktoba mwaka huo alieleza uamuzi wake: mzungu yeyote anayetaka kununua mtu lazima kwanza awajulishe maafisa watatu aliowateua, ili wachunguze kama mtu huyo ni huru.

Uamuzi huo haukuisimamisha biashara ya watumwa. Kama kazi ya kutoa sababu, hata hivyo, ni vigumu kuukosoa. Nani anafanya nini, kwa nani, na ndiyo maana naamuru hivi. Ukifuta jina la Kongo na kuweka la nchi nyingine, barua inagoma.

Kwetu, fomula ni za Kifaransa

Msomaji wa Goma ao Bukavu hana haja ya kwenda Brasília ili aelewe. Katiba yetu ya Februari 2006, katika kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe na itolewe sababu. Hukumu zinakuja na "attendu que" zake zikiwa zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Amri za wakubwa zinamaliza orodha ya "vu" kwa ile tunayoijua wote, "vu l'urgence et la nécessité", kwa kuona haraka na ulazima. Haraka ya nini? Ulazima upi? Mara nyingi karatasi haiongezi neno. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba hiyo hiyo, lakini mama aliyepoteza shamba lake mahakamani anapeleka hukumu kwa mtu wa mtaani anayejua Kifaransa, na anayemsomea naye anaruka sehemu asizozielewa.

Mkongomani anayetua Brazili ana faida ndogo hapo. "Considerando" anaitambua kwa "considérant", "visto" kwa "vu", "em virtude de" kwa "en vertu de". Anaweza kuusoma mgongo wa barua bila kujua Kireno kizuri. Lakini hapo pia kuna mtego: akiishayatambua maneno, anadhani ameielewa barua.

Je, kurahisisha lugha kunatosha?

Brazili imejaribu kujitibu. Mwaka 2005 chama cha mahakimu cha nchi hiyo, AMB, kilianzisha kampeni dhidi ya "juridiquês" na kutoa kitabu kidogo cha kuwaeleza raia maneno ya mahakama. Desemba 2023 baraza la kitaifa linalosimamia mahakama, CNJ, likiongozwa na Luís Roberto Barroso, lilizindua mkataba wa lugha nyepesi kwa mahakama zote. Novemba 2025 ikaja sheria ya taifa, namba 15.263, inayozitaka ofisi za umma ziandike kwa sentensi fupi, maneno ya kawaida na wazo moja kwa kila aya, na zifafanue maneno ya kitaalamu.

Wanaopinga wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Wanasema kuna maneno ya sheria ambayo hayana kibadala. "Trânsito em julgado" inamaanisha hatua kamili, pale ambapo hukumu haiwezi tena kukatiwa rufaa; ukiibadilisha kwa neno laini la mtaani, unafungua mlango wa kesi mpya. Ni kweli. Ila neno hilo ni chombo cha kazi, kama nyundo kwa fundi. "Destarte" si chombo. Ni tai shingoni. Ukiliondoa na kuweka "kwa hiyo", hakuna haki ya mtu inayopotea.

Swali gumu zaidi haliko kwenye maneno. Ofisi inaweza kutupa "haja vista" yote, ikaandika "porque", neno ambalo hata mtoto wa Brazili analitumia, na bado ikamwambia mkimbizi: umekataliwa kwa sababu hukutimiza masharti. Sentensi fupi, maneno ya kawaida, wazo moja kwa kila aya. Na sababu haipo. Lugha nyepesi inafanya utupu uonekane haraka, na hiyo si faida ndogo. Kuujaza utupu huo ni kazi ya afisa anayeandika, na ya sheria ile ya fundamentação inayomlazimisha. Katiba ya Ureno inaunganisha mambo mawili hayo katika kifungu cha 268: uamuzi wa serikali unaogusa haki za raia uwe na sababu zilizotajwa wazi, tena zinazofikika.

Kwa aliyeshika barua mkononi leo, njia ni ya kawaida tu. Ofisi ya utetezi wa umma ya shirikisho, DPU, inasaidia bila malipo, na Cáritas za Rio na São Paulo zimewahudumia wakimbizi kwa miaka mingi. Cha kwanza ni kuandika tarehe ambayo barua ilipokelewa, kwa sababu siku 15 hazimngoji mkalimani. Cha pili ni kuitafuta sentensi inayofuata baada ya "uma vez que" ao "haja vista": ina kijiji, tarehe, jina la hati, kauli fulani ya mwombaji, ao ina vifungu vya sheria peke yake? Kama ni vifungu peke yake, hilo lenyewe ni hoja ya rufaa, kwa nguvu ya kifungu cha 29.

Rufaa nayo inaandikwa kwa mtindo ule ule. Mwombaji "vem, respeitosamente", anakuja kwa heshima, na mwishoni "pede deferimento", anaomba akubaliwe. Wakili atayaweka maneno hayo, na hakuna ubaya. Kinachobaki kwa mwombaji ni kuhakikisha kwamba baada ya kila "em virtude de" ya wakili wake kuna jambo lake mwenyewe: barabara aliyopita, kundi lililoingia kijijini, aliyezikwa na siku aliyozikwa. Wakati rufaa inachunguzwa, yeye na familia yake wanaruhusiwa kubaki nchini. Uamuzi wa Waziri ukiishatoka, sheria ya 1997 haimpi rufaa nyingine. Inakataza tu kumrudisha alikotoka maadamu maisha yake na uhuru wake viko hatarini huko, isipokuwa kwa watu wachache iliowataja, kama waliofanya uhalifu wa kivita.